Sakafu ya Bure

Kabla hujasifia sakafu ya jiko lako, uliza kwanza nani aliyemwaga zege lake, na alikuwa anafunika nini. Nasema hivi kwa sababu yuko mama mmoja aliyefagia sakafu yake miaka kumi na sita, akaipiga deki kila Jumamosi, akawaonyesha wageni jinsi isivyo na ufa, na hakujua kilicho chini yake. Mumewe alijua.

Mume huyo aliitwa Pampu. Jina alilipata kazini, kwenye visima vya mafuta, ambako alilinda pampu miaka kumi na tisa mpaka akawa anazijua kwa sauti kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Mafuta yalipopungua, wenye kampuni wakafunga kazi. Wakaondoka na mitambo yao, wakaacha mabomba yenye kutu kwenye nyasi, na wafanyakazi wakagawiwa viwanja palepale. Pampu alipata kimoja, mdogo wake kimoja, mlango unatazamana na mlango.

Kwenye kiwanja cha Pampu palikuwa na bamba la zege, pana kama chumba, limelala tayari. Alisema hana haja ya kuhangaika na sakafu. Akainua kuta juu yake, akaezeka bati, likawa jiko. Mkewe aliingia mle kama bibi harusi. Wenzake wote walikuwa bado wanapika juu ya vumbi, pamoja na mke wa shemeji yake pale mbele, na yeye anasugua zege. Aliiita sakafu ya bure, na alipenda kuisema hiyo bure kwa sauti, ili ivuke uwanja.

Sasa sikia. Chini ya zege lile palikuwa na kisima. Kilichimbwa mwishoni kabisa, kikatoka kikavu, na wiki ya kufunga kazi ilifika saruji imekwisha. Msimamizi akaamuru watu wanne wakishindilie magogo, magunia na udongo, wapake saruji ya kubabaisha juu, na kwenye rejista akaandika kwamba pale hapakuchimbwa kitu. Pampu alikuwa mmoja wa wale wanne, na watatu wameshakufa. Hakumwambia mkewe, maana alimjua. Asingekubali kupika pale hata chai. Naye alijipa moyo kwamba shimo kavu lililoshindiliwa halina cha kumfanya mtu.

Kwa miaka kumi na sita hilo lilikuwa kweli.

*

Kampuni mpya ilikuja na magari meupe na mhandisi mwanamke mwenye viatu vizito. Aliwakusanya watu uwanjani akawaeleza bila kujikweza. Alisema mafuta hayakuisha kule chini, yamebaki kama yale yanayong'ang'ania ndani ya chupa ukishaimimina. Watasukuma maji kwa nguvu kwenye visima vingine, ili mafuta yapande kwenye vingine. Ila maji yakisukumwa hutafuta tundu, na gesi hutangulia mbele yake. Kwa hiyo lazima kila kisima cha zamani kijulikane, kizibwe upya kwa saruji ya kweli, ndipo kazi ianze. Wanamtaka mtu anayevijua.

Macho ya watu yalimwendea Pampu. Mkewe alishaanza kupokea pongezi kabla mkutano haujavunjika. Asubuhi yake alimpigia pasi ile ovaroli ya zamani, akamsindikiza mpaka njia panda, akarudi anatembea polepole ili kila mtu apate nafasi ya kumuuliza bwana ameenda wapi.

Mezani karani aliomba kitambulisho cha kazi cha zamani. Pampu hakuwa nacho. Kitambulisho chake kilikuwa dirishani kwake mwaka wa saba ule, mkewe alizibia nacho kitundu cha wavu kisipitishe mbu, na jua lilishakifuta sura. Karani akamuuliza umri, akaandika, akamwambia, "Mzee, kaa pale kivulini." Pampu akakaa. Kutoka kivulini akasikia jina la mdogo wake likiitwa, akamwona anatoa kitambulisho kwenye mfuko wa nailoni, kinang'aa kama kimetoka jana.

Huyo mdogo wake alifanya kazi pale miaka minne tu, tena ya kubeba mabomba kwenye lori. Pampu ndiye aliyemwombea nafasi. Pampu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba na kufumba mdomo mbele ya msimamizi. Siku ile mdogo mtu alirudi nyumbani na cheo cha msimamizi wa visima na kofia ngumu ya njano kichwani. Aliivaa njia nzima, akaivaa dukani akinunua chumvi, na kufikia jioni watu walishambatiza jina la Kofia.

Pampu alirudi na ovaroli yake imebebwa mkononi. Mkewe alimtazama mara moja, akaingia jikoni, akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

*

Wivu una kazi nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Haumwachi mtu akae. Siku jiko la gesi liliposhushwa kwa Kofia, lile la mafiga mawili, mke wa Pampu alikuwa anaanika nguo, na nguo zile zilianikwa na kuanuliwa mara tatu ili ashuhudie likiingizwa mlangoni. Pazia jipya aliliona kabla halijamaliza kutundikwa. Mke wa Kofia akipita na mwavuli, yeye alitazama angani kutafuta hiyo mvua.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mwenzake hakuwa na maringo. Angekuwa nayo, ingekuwa rahisi. Binti wa Pampu alikuwa amekuja kwao kujifungua, na kichanga kilikuwa na wiki sita. Mke wa Kofia alivuka uwanja akasema, "Dada, mwambie binti aje kwangu kumchemshia mtoto maji. Jiko la gesi halina moshi." Alisema kwa moyo mmoja. Mke wa Pampu akashukuru, akamwambia moshi wa nyumba hii umelea watoto watano na hakuna aliyekohoa.

Kofia naye alijaribu. Alimtafutia kaka yake kazi ya kulinda mabomba yasiibwe. Pampu aliuliza kama atapewa na filimbi. Kofia, asiyejua kama ni mzaha, akasema ataulizia. Pampu hakwenda.

Basi ikafika siku Kofia alipovuka uwanja ameshika ramani. Mhandisi alimtaka aweke saini kwamba visima vya zamani ni kumi na vitatu na vyote vimeshaonyeshwa. Alivua kofia mlangoni, akakaa kwenye kigoda chini ya kiti cha kaka yake, kama zamani.

"Kaka, nikumbushe. Mimi wiki ya mwisho nilikuwa kwenye lori. Kuna kingine?"

Pampu aliiangalia ramani. Aliona mahali nyumba yake ilipo, na pale palikuwa peupe. Neno lilifika kwenye ulimi kabisa. Lakini akaiona ile kofia juu ya goti la mdogo wake, na ndani yake jina limeandikwa kwa wino, na akaona kesho yake jinsi mhandisi atakavyompongeza Kofia kwa kugundua kisima ambacho hata rejista haikijui. Akaona na jiko lake likibomolewa, na Kofia amesimama pembeni anaonyesha kwa kidole wapi papigwe nyundo.

"Wewe ndiye mwenye kofia," akasema. "Mimi nilikaa kivulini."

Kofia akakunja ramani, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mke wa Pampu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani na hakukosa hata neno. Alitoka akamuuliza mumewe polepole kama kweli hakipo kingine. Pampu alisema kipo.

"Kiko wapi?"

"Kipo tu."

Hakuuliza tena. Laiti angeuliza. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kivulini.

"Nyamaza nacho," alisema. "Kila kitu wamechukua. Na hicho kichwani mwako nacho wakitoe? Aweke saini. Siku kikionekana, watajua nani alikuwa anavijua visima na nani alikuwa mbeba kofia tu."

Pampu alicheka, nao walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi. Kofia akaweka saini.

*

Mitambo ya kusukuma maji iliwashwa Jumatatu. Ilinguruma mchana kutwa ng'ambo ya nyasi, na vikombe vikalia kabatini. Alhamisi mke wa Pampu alisema kuna yai limeoza jikoni. Alitafuta nyuma ya kabati, akatafuta chini ya magunia, akahitimisha kwamba ni maji machafu ya wale wenye pazia. Binti alisema akikaa mle kichwa kinamgonga.

Habari ya yai ilimfikia Pampu. Alingoja mkewe aende dukani, akachukua sabuni na kikombe cha maji, akapiga povu. Ndivyo walivyofanya kazini, kupima bomba kama linavuja. Akapiga magoti, akapaka povu pembeni, pale zege linapokutana na ukuta. Povu likatulia. Kisha likaanza kutoa mapovu, moja, jingine, yakavimba kama macho ya mtoto anayeamka, yakapasuka.

Hapo ndipo angevuka uwanja. Hatua thelathini. Badala yake alichukua udongo, akauziba ufa, akafunga dirisha, akafunga mlango, akasokota matambara chini yake. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini, anayejua kwamba gesi huachiwa njia, aliifungia chumbani, kisa harufu isivuke ikamfikia mdogo wake.

Alimwambia mkewe kwamba moshi unamdhuru mjukuu, kwa hiyo kuanzia leo watapika nje, na asilifungue jiko. Mama huyo alipika nje siku ya kwanza kama mtu aliyevuliwa nguo. Kila aliyepita alichungulia sufuria. Mke wa Kofia alipita akasema kwa upole, "Dada, leo mko nje, hewa nzuri." Basi. Lakini yeye alisikia sufuria yake ndogo ikichekwa, na mboga yake isiyo na nyama, na mafiga yake ya mawe mbele ya mwenye jiko la kuwasha kwa kidole. Hakula siku ile.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Pampu alikuwa anakunywa chai uwanjani. Mngurumo ng'ambo ukabadilika. Hakuna mwingine aliyesikia. Ulipanda kidogo, kama mtu anayebeba gunia akiongezewa la pili. Walikuwa wameongeza nguvu. Pampu aliweka kikombe chini, akaimwaga chai yote bila kukusudia, akaondoka na ndala zake.

*

Getini mlinzi alimuuliza kitambulisho. Pampu alisema anamtaka mdogo wake. Mlinzi akasema humu hakuna mdogo wa mtu, taja cheo. Pampu alisimama, jasho linamtiririka, akatafuta neno ambalo alikuwa amelikwepa miezi mitatu.

"Naomba kumwona Bwana Msimamizi wa Visima."

"Unaona? Si vigumu," mlinzi akasema, akaenda kumwita bila haraka.

Kofia alikuja na mhandisi, wote wawili wanatabasamu, wakidhani mzee amebadili mawazo kuhusu mabomba. Pampu alishika nondo za geti.

"Kipo kingine. Tulikishindilia magogo."

"Wapi, kaka?"

"Chini ya jiko langu."

Kofia alivua kofia, akabaki ameishika tumboni kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mhandisi alishageuka, anapungia mkono mitambo izimwe, anaita gari.

*

Wakati huo huo mke wa Pampu alikuwa uwanjani kwake anatazama taulo.

Lilikuwa taulo dogo la bluu, alilonunua yeye mwenyewe mjukuu alipozaliwa, na lilikuwa linaning'inia kwenye kamba ya mke wa Kofia. Binti alikuwa amevuka na mtoto kimyakimya, kwa sababu maji ya nje yanapoa na upepo, na kule kuna joto. Kumbe alivuka jana pia, na juzi. Mama alivua khanga ya kichwani, akaifunga kiunoni, akavuka.

Alimkuta mwenzake ameshika kichanga juu ya beseni, anakiimbia, na kichanga kinamcheka. Kilikuwa hakijamcheka bibi yake bado.

"Nipe mtoto."

"Dada, tunamaliza kumsuuza tu."

"Mmechukua kazi, mkachukua na jina, sasa mnataka na mjukuu. Ataogea jikoni kwangu. Kwangu kuna sakafu ya zege."

Akamfunika mtoto, akatoka naye. Binti alimfuata mbio akimwambia, "Mama, jiko linanuka, baba amekataza," na mama hakugeuka. Kwa mguu akayasukuma matambara, akafungua mlango. Harufu ilimpiga akakohoa, akasema ndiyo haya, nyumba ikikaa bila moto huota uchafu. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Alikuwa na mtoto mkono mmoja na kizingiti mbele yake, gari jeupe lilipoingia uwanjani na vumbi lake. Kofia akaruka kabla halijasimama.

"Shemeji, toka hapo. Usiwashe moto."

Wengine wangesikia hofu. Yeye alisikia amri. Alisikia mtu ambaye yeye mwenyewe alimlisha kwa mikono yake alipokuwa mdogo, sasa anamwamuru kwenye mlango wake, na nyuma mkewe amesimama na beseni anatazama. Wivu ukishamjaa mtu masikioni, hata anayemwokoa humsikia anamtukana.

Alimgeukia binti.

"Mshike mwanao. Nimwonyeshe huyu nyumba hii ni ya nani."

Akampa mtoto. Hilo tu ndilo ninalomshukuru Mungu, kwamba alitaka mikono yote miwili iwe huru kwa ajili ya ugomvi. Binti alirudi nyuma hatua kumi, kumi na mbili. Pampu alikuwa bado anahangaika kushuka garini.

"Mke wangu, ni kisima," alisema. "Ni kisima, uko juu yake."

Njiti ilikuwa imeshakwaruzwa.

Moto haukulia kwa kishindo kama watu wanavyosimulia sasa. Jiko lilivuta pumzi, kisha likapumua. Bati likainuka upande mmoja, likakaa tena. Mlangoni ukatoka moto mpana kama shuka linalokung'utwa, ukarudi ndani, na yeye akatoka akitembea, mikono ameinyoosha mbele, kimya kabisa. Pampu ndiye aliyemlaza chini na kumfunika kwa mwili wake. Mke wa Kofia akamwaga beseni lote, maji ya kuogea na povu lake.

*

Alikaa hospitali wiki saba. Uso ulipona, ukabaki na ngozi inayovuta upande mmoja, kama mtu anayetaka kucheka. Mikono ilikuwa bado imefungwa mpaka viwikoni alipotoka. Pale palipokuwa na jiko pana uzio sasa, na nyumba yote imebomolewa, maana kisima kilitaka nafasi kuzibwa. Mitambo ililala miezi miwili. Kofia aliitwa ofisini akaonyeshwa saini yake chini ya maneno "visima kumi na vitatu". Kofia ya njano ikarudi stoo. Watu bado wanamwita Kofia, na kichwa chake ki wazi.

Hakumwuliza kaka yake kwa nini. Aliwapa chumba cha mbele, chenye pazia.

Mchana mmoja wawili hao walibaki peke yao chumbani, Pampu kwenye kigoda, mkewe kitandani na mikono yake juu ya mto. Kwa muda mrefu walisikiliza mwenye nyumba akiwasha jiko upande wa pili.

"Ulijua," mke akasema.

"Nilijua."

"Miaka kumi na sita."

"Ulisema ninyamaze."

Mke aligeuza uso ukutani. Pampu alidhani amelala. Kisha akamsikia, polepole, kama mtu anayeungama kwa ukuta.

"Nilidhani kiko kwao. Upande wao. Nilijua kuna watu watakaoumia, nikadhani ni wao."

Pampu naye, kwa namna yake, alishadhani hivyo.

Mke wa Kofia akaingia na bakuli la supu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachota, akapuliza taratibu, akapeleka kijiko. Kilikuwa kijiko kizito, cha seti mpya, kina ua mwishoni mwa mpini. Vya mke wa Pampu vilikuwa vyepesi, na vyote viliyeyuka motoni. Hata hapo, jamani, hata hapo alikitazama kile kijiko.

Kisha akafungua mdomo.